Kabla ya kumkemea mtoto ainamishaye kichwa, mpeleke apimwe macho

SI ajabu kumwona mtoto darasani ameinamisha kichwa kuelekea begani kila anapotazama ubao. Mwalimu humwamuru akinyooshe, naye hukinyoosha kwa dakika moja au mbili, kisha kikarudi palepale. Mwishowe huambiwa kwamba ana maringo, au ni mvivu, au hana adabu mbele ya wakubwa wake.

Nyumbani nako mambo huwa yaleyale. Mzazi hukishika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili na kukisimamisha, akikumbuka kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Wengine hushikilia kwamba mtoto alilala vibaya, au kwamba alibebwa visivyo mgongoni alipokuwa mchanga.

Wataalamu wa macho wana maelezo tofauti. Kwao, kichwa kinachoinama, kinachogeuka au kinachoinuka kila mara mtu anapotazama kitu ni dalili ya kuchunguzwa. Mara nyingi shingo yenyewe haina kasoro yoyote, bali inayasaidia macho kufanya kazi ambayo yameshindwa kuifanya peke yake.

Kwa hivyo, kumlazimisha mtoto wa aina hiyo kunyoosha shingo bila kuyachunguza macho yake ni sawa na kumpokonya mwenye mguu mbovu mkongojo wake, kisha kumlaumu kwa kuchechemea.

Misuli sita, neva tatu

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kwanza kujua jinsi macho yanavyosogea. Kila jicho huzungushwa na misuli sita iliyoshikana na ukuta wake wa nje. Minne imenyooka: mmoja huliinua jicho, mwingine huliteremsha, wa tatu hulivuta upande wa pua na wa nne hulivuta upande wa sikio. Miwili iliyosalia imekaa mshazari, na miongoni mwa kazi zake ni kulibiringisha jicho kidogo, mithili ya usukani, kichwa kinapolala upande.

Misuli hiyo hupokea amri kupitia neva tatu zitokazo ubongoni. Madaktari huziita neva ya tatu, ya nne na ya sita katika jumla ya jozi 12 za neva za kichwa.

Macho mawili sharti yaelekee mahali pamoja kwa wakati mmoja. Yakifanya hivyo, ubongo huziunganisha picha mbili zikawa moja, na hapo ndipo mtu anapoweza kutambua kwa urahisi kitu kilicho karibu na kilicho mbali. Msuli mmoja ukilegea, jicho moja hutazama kwingine, ubongo ukapokea picha mbili zisizopatana, na kitu kimoja kikaonekana kuwa viwili.

Mtu mwenye tatizo hilo akikiweka kichwa katika mkao usiohitaji kuutumia ule msuli dhaifu, picha mbili hurudi kuwa moja. Mtoto hahitaji kufundishwa hila hiyo. Mwili wake huigundua wenyewe, naye hukua akidhani kwamba kila mtu hutazama hivyo.

Neva ya nne na ajali

Mfano ulio dhahiri zaidi ni wa neva ya nne. Neva hii huutawala msuli wa mshazari wa juu, ambao ukano wake hupita katika kitanzi kidogo cha gegedu kilicho kama roda, kwenye pembe ya tundu la jicho karibu na pua. Ni neva nyembamba, husafiri njia ndefu ndani ya fuvu, na ndiyo pekee itokayo nyuma ya shina la ubongo.

Neva hiyo ikipooza, jicho hupanda juu kuliko lenzake na kubiringika kuelekea nje. Mgonjwa hujinusuru kwa kuinamisha kichwa kwenye bega la upande wa pili. Ikiwa jicho lenye hitilafu ni la kushoto, kichwa huelekea bega la kulia.

Wapo wanaozaliwa na udhaifu huo. Wengine huupata baada ya kugongwa kichwani, kwa kuwa urefu na wembamba wa neva hiyo huifanya iwe rahisi kujeruhiwa fuvu linapotikiswa kwa nguvu. Katika nchi kama Kenya, ambako pikipiki za bodaboda ni usafiri wa kila siku, hilo si jambo la kupuuza. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki, kidonda kikapona, lakini akabaki na mazoea mapya ya kuinamisha kichwa au akaanza kupata taabu ya kushuka ngazi na kusoma, anafaa kuyapeleka macho yake kwa mtaalamu.

Neva ya sita nayo huutawala msuli unaolivuta jicho upande wa sikio. Ikidhoofika, mgonjwa hugeuza uso wake kuelekea upande wa jicho lenye tatizo, ili jicho hilo lisilazimike kwenda huko lisikoweza kufika. Kwa watu wazima, kisukari na shinikizo la damu ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuidhuru neva hii. Uvimbe au ongezeko la shinikizo ndani ya fuvu pia huweza kuwa chanzo, ndiyo maana daktari huwa halichukulii jambo hili kwa wepesi.

Kuna pia watoto wanaozaliwa na neva ya sita isiyokua inavyopasa. Hali hiyo hujulikana kwa jina la Alexander Duane, daktari wa macho wa Marekani aliyeieleza kwa kina mwaka 1905. Wengi wa watoto hao huona vyema mradi wageuze uso kidogo, na baadhi yao hawahitaji upasuaji kamwe.

Sababu nyingine ni kope iliyolegea. Mtoto ambaye kope zake zimeshuka zikafunika mboni hulazimika kuinua kidevu ili aone kwa chini yake. Machoni pa asiyejua, mtoto huyo anaonekana mwenye kiburi, anayewatazama wenziwe kwa dharau, ilhali anatafuta mwanya wa kupenyeza mwanga.

Macho yasiyotulia

Kundi jingine ni la watu ambao macho yao huchezacheza daima, huku na huko, pasipo wao kutaka. Wengi wa watu hawa wana upande mmoja wa kutazama ambako mtikisiko hupungua na kitu huonekana vizuri zaidi. Ikiwa upande huo uko kushoto, mtoto hugeuza uso kulia ili macho yake yabaki yameelekea kushoto, mahali penye utulivu.

Hali hii ni ya kawaida kwa watu wenye ualbino. Katika sensa ya mwaka 2019, Kenya ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino. Mbali na ngozi, upungufu wa rangi huyaathiri macho pia: sehemu ya retina inayohusika na kuona vitu kwa umakini huwa haikukua kikamilifu, mwanga mkali huwaumiza, na macho huchezacheza.

Kwa mwalimu aliye na mwanafunzi kama huyo, msaada mkubwa haugharimu hata shilingi moja. Mtoto ageuzaye uso kulia huku macho yakitazama kushoto anafaa kuketi upande wa kulia wa darasa, karibu na mbele, ili ubao uwe kushoto kwake. Akikaa hapo, ataweza kuutazama bila kuisokota shingo. Ageuzaye uso kushoto naye aketi upande wa kushoto.

Vilevile, aruhusiwe kuvaa kofia na kukisogeza kitabu karibu na uso. Kukisogeza kitabu hukuza maandishi machoni pake, wala hakuyaharibu macho hayo kama wengi wanavyodhani.

Upo upasuaji unaoweza kuuhamisha upande wa utulivu na kuuleta katikati, hivi kwamba mgonjwa anaona vyema uso ukiwa umenyooka. Mbinu hiyo ilielezwa mwaka 1953 na madaktari wawili waliofanya kazi mbalimbali, Alfred Kestenbaum na J. Ringland Anderson, na hadi leo upasuaji huo huitwa kwa majina yao.

Picha za zamani zatoa ushahidi

Daktari hutofautishaje shingo mbovu na shingo inayoyatumikia macho? Njia moja nyepesi ni kuliziba jicho moja. Ikiwa mtoto aliinamisha kichwa ili asione vitu viwili viwili, mara nyingi kichwa hunyooka jicho moja likizibwa, kwa kuwa picha ya pili imetoweka. Kipimo hiki hakifai kwa kila mtu. Mtoto ambaye macho yake huchezacheza huweza kuendelea kugeuza uso hata jicho moja likiwa limezibwa.

Njia ya pili ni kumtazama mtoto akiwa usingizini. Macho yakiwa yamefumbwa, shingo haina tena sababu ya kupinda. Lakini kama tatizo ni msuli wa shingo uliokazana tangu kuzaliwa, hali ambayo pia hutokea kwa watoto wachanga, shingo hubaki ngumu na huwa vigumu kuigeuza hata mtoto akiwa amelala.

Kisha daktari huinamisha kichwa cha mgonjwa kwenye bega moja, halafu jingine, akiangalia iwapo jicho litapanda. Kipimo hicho hujulikana kwa jina la Alfred Bielschowsky, mtaalamu Mjerumani aliyefariki mwaka 1940. Mwaka 1958, Marshall Parks wa Marekani alikitia katika utaratibu wa hatua tatu ambao wanafunzi wa tiba ya macho wangali wanafundishwa.

Mtu mzima anayekwenda hospitalini akilalamika kwamba ameanza kuona vitu viwili viwili huenda akaombwa alete picha zake za utotoni. Ikiwa katika picha za darasani na za sherehe za familia kichwa chake kimelala upande uleule miaka nenda miaka rudi, daktari huelewa kwamba udhaifu ulikuwapo tangu zamani, na kwamba mwili umechoka kuuficha. Ikiwa kichwa kilikuwa wima katika picha zote, sababu mpya hutafutwa kwa haraka.

Ushahidi wa sanamu umewahi kutumiwa hata kwa mfalme. Mwandishi wa kale Plutarch aliandika kwamba Alexander Mkuu, aliyefariki mwaka 323 kabla ya Kristo, alikuwa na mazoea ya kuinamisha shingo kidogo upande wa kushoto, na kwamba waliomfuata walijaribu kumwiga. Mwaka 1996, wataalamu wawili, Lascaratos na Damanakis, walitoa hoja katika jarida la tiba la Lancet kwamba huenda mkao huo ulitokana na hitilafu ya macho. Hakuna awezaye kumpima mfalme huyo leo, lakini kisa hicho chaonyesha jinsi dalili ya ugonjwa ilivyoweza kudhaniwa kuwa madaha ya kifalme.

Watu wazima, miwani na simu

Uhusiano huu wa kichwa na macho hauishii utotoni. Mtu akishapita umri wa miaka 40, lenzi ya jicho hupoteza uwezo wake wa kujikunja, na maandishi ya karibu huanza kumtatiza. Wengi hununua miwani yenye sehemu mbili, ya juu kwa kutazama mbali na ya chini kwa kusoma, au ile ambayo nguvu zake hubadilika polepole kutoka juu hadi chini.

Miwani hiyo ni nzuri kwa kusoma kitabu kilicho mapajani. Lakini mtu akiivaa mbele ya kompyuta iliyoinuliwa juu, hulazimika kuinua kidevu kutwa nzima ili asome kwa sehemu ya chini ya kioo. Jioni analalamika kuumwa na shingo na kichwa, akameza dawa za maumivu, kumbe tiba ni kuteremsha kompyuta au kutengenezewa miwani ya umbali wa kompyuta pekee.

Aliyepoteza jicho moja naye hugeuza uso kidogo kuelekea upande usioona, ili jicho lililosalia likae katikati. Baadhi ya waliopatwa na kiharusi na kupoteza nusu ya upeo wa kuona hufanya vivyo hivyo.

Je, mkao mbaya wa kichwa waweza kuyaharibu macho? Jibu lataka uangalifu. Kuinamia simu ya mkononi huichosha shingo zaidi ya kitu kingine. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, na kwa mujibu wa hesabu alizochapisha daktari Kenneth Hansraj wa New York mwaka 2014, mzigo unaoikabili shingo hufikia kilo 27 hivi kichwa kikiinamishwa kwa nyuzi 60.

Kwa macho, hatari zaidi ni kutazama kitu cha karibu kwa saa nyingi bila kupumzika, tena ndani ya nyumba. Watoto wanaokaa nje kwenye mwanga wa jua kwa muda mrefu hupungukiwa na uwezekano wa kupata tatizo la kutoona mbali. Katika utafiti uliofanywa Guangzhou, Uchina, na kuchapishwa mwaka 2015, wanafunzi walioongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu walipata tatizo hilo kwa kiwango cha asilimia 30, ikilinganishwa na takriban asilimia 40 ya wenzao.

Wenye ugonjwa wa glakoma wana onyo lao la pekee. Kusimama kwa kichwa, kama wafanyavyo baadhi ya wanaofanya mazoezi ya yoga, huongeza shinikizo ndani ya jicho hadi karibu mara mbili. Mgonjwa wa glakoma asifanye mazoezi hayo kabla ya kumwuliza daktari wake.

Wakati haungoji

Kwa mtoto, jambo zito kuliko yote ni wakati. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo ya maisha. Macho mawili yakileta picha zisizopatana, ubongo wa mtoto huweza kuamua kulipuuza jicho moja. Jicho hilo huitwa jicho vivu: halina kidonda wala utando, lakini halioni vizuri, na miwani peke yake haitoshi kulirudishia uwezo wake.

Tiba yake ni kumpa mtoto miwani ifaayo na, inapobidi, kuliziba jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Matokeo huwa bora tiba ikianza kabla ya umri wa miaka 7. Baada ya hapo nafuu yaweza kupatikana, lakini huwa haba na huja kwa taabu.

Hapa ndipo mtoto ainamishaye kichwa ana afueni ambayo mzazi hupaswa kuijua. Mkao wake waweza kuwa ishara kwamba bado anayatumia macho yote mawili kwa pamoja. Ikitokea kwamba mtoto aliyekuwa akiinamisha kichwa ameacha ghafla pasipo matibabu, mzazi asishangilie mapema. Huenda shingo imenyooka kwa sababu ubongo umeliacha jicho moja.

Matibabu hutegemea chanzo. Wengine hutosheka na miwani ya kawaida, kwa kuwa hata kasoro ya umbo la konea huweza kumfanya mtu ageuze kichwa akitafuta pembe ya kuona. Wengine hupewa miwani ya prizimu inayopindisha mwanga ili picha mbili zikutane. Wengine hufanyiwa upasuaji wa misuli ya macho au wa kope. Hali ikiachwa kwa miaka mingi, misuli ya shingo huweza kukakamaa, na hata uso ukakua upande mmoja ukiwa mdogo kuliko mwingine.

Zipo dalili zisizongoja hata wiki moja: mtoto anayeinamisha kichwa kwa ghafla, hasa akiwa na maumivu ya kichwa, kutapika au kuyumba anapotembea, mtu yeyote aanzaye kuona vitu viwili viwili ghafla, na mtoto ambaye mboni yake inang'aa weupe kwenye picha, kwani weupe huo waweza kuwa saratani ya jicho. Makengeza yanayojitokeza upya nayo yasisubiriwe yapone yenyewe.

Nchini Kenya, huduma za macho hupatikana katika Hospitali Kuu ya Kenyatta na katika hospitali za kaunti, na pia katika vituo vya macho kama vile kitengo cha Hospitali ya PCEA Kikuyu, Sabatia katika Kaunti ya Vihiga, na Kwale katika eneo la Pwani. Mzazi aanzie kituo kilicho karibu naye na kuomba barua ya rufaa panapohitajika.

Walimu nao wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kuwa jicho la kwanza. Katika Kaunti ya Trans Nzoia, walimu wa shule za msingi walifunzwa kuwapima wanafunzi macho kwa kutumia programu ya simu, na matokeo ya utafiti huo uliohusisha shule 50 yalichapishwa mwaka 2018. Wazazi walipoonyeshwa jinsi watoto wao wanavyoona na kukumbushwa kwa ujumbe wa simu, zaidi ya nusu ya watoto walioelekezwa hospitalini walifika, ilhali katika shule zilizotumia utaratibu wa zamani walifika takriban mmoja kati ya watano.

Vipimo hivyo hutazama jinsi mtoto anavyosoma herufi. Kuongeza swali moja tu kungetosha: je, alikishika vipi kichwa chake alipokuwa akizisoma? Mtoto huweza kuzisoma herufi zote bila kukosea, ilimradi kichwa chake kimelala begani, na akarudishwa nyumbani akiambiwa kwamba macho yake ni mazima.

Ni kweli samaki hukunjwa angali mbichi. Ila kwa mtoto huyu, kinachohitaji kushughulikiwa mapema ni macho, na shingo itanyooka yenyewe baada ya macho kupata tiba.